Kidonda cha Mama Nyuma ya Pazia

Nimeolewa na fundi wa vidonda, na bado mguu wa mama yangu mzazi ulikaribia kukatwa. Hebu lisikie jambo hilo. Watu wakinisikia nikilisema hudhani natania, maana hapa Migori mjini wananijua kwa utani wangu wa kuuzia mitumba. Lakini kwa habari ya mguu wa mama sikutania hata siku moja. Nilikasirika kwanza, halafu nikalia, halafu nikakasirika tena.

Mume wangu ni nesi. Hospitali anayofanyia kazi ina chumba kidogo kilichotengewa vidonda visivyopona, vile tunavyoviita donda ndugu. Huko huja watu wa sukari wenye nyayo zilizotoboka, huja waliolala kitandani mpaka migongo ikachubuka, na huja wachimba dhahabu walioumizwa na mawe wakajimwagia unga wa kapsuli za rangi mbili, siku baada ya siku, mpaka kidonda kikazaa kidonda. Yeye ndiye anayewapokea. Alienda kuisomea kazi hiyo baada ya kuchoka kuona miguu ikikatwa ambayo, kwa maoni yake, ingepona kama mtu angeivumilia.

Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta na mgonjwa. Harufu ilikuwa imefukuza watu wote kwenye benchi la nje, hata mama mmoja mwenye mtoto alikuwa amehamia juani. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa amevuta kigoda chake karibu na mguu ule, karibu kabisa, anauangalia bila haraka, huku akimuuliza mwenyewe habari za ng'ombe wake. Yule mzee alikuwa anacheka. Nilisimama pale na kontena la ugali mkononi, na nilimpenda mume wangu upya, sioni haya kusema. Jioni nikamuuliza kwa nini hazibi pua. Akaniambia kidonda huanza kusema kwa harufu, na akiziba pua atakosa nusu ya habari.

Sasa, mama yangu anaishi ufukweni, upande wa Sindo. Maisha yake yote ameanika omena, vile vidagaa vya ziwani. Anasimama juani tangu asubuhi, anazitandaza kwenye nyavu, anazigeuza, anafukuza ndege, anafunga magunia. Miguu yake ilikuwa ikivimba jioni tangu mimi nikiwa msichana, na sisi tulidhani miguu ya mama yeyote huvimba jioni. Kisha siku moja kijiti cha kichanja kikamkwaruza upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Mkwaruzo tu. Mtu mwingine angesahau kesho yake.

Mkwaruzo haukupona. Ulipanuka. Mama akaufunika kwa kitambaa, akashusha leso mpaka chini, akanyamaza. Jirani akasema amekanyaga dawa ya mtu. Mwingine akamletea majani ya kuponda. Tulipokuja kujua, tayari alikuwa ameacha kwenda kanisani Sabato, yeye ambaye hata mvua ya mawe haikuwahi kumzuia, kwa sababu siku moja nzi walimfuata mpaka kwenye kiti na watu waliokaa naye wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kwa adabu. Hilo la adabu ndilo lililomuuma zaidi.

Kaka yangu alimpeleka hospitali moja kubwa. Daktari akautazama ule mguu, akakunja uso, akasema usaha umeingia sana na kwamba familia ijiandae, huenda ukakatwa chini ya goti kabla sumu haijapanda. Simlaumu. Alikuwa na foleni ya watu mpaka nje, na mguu ulikuwa wa kutisha kweli. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akaitikia vizuri, akaomba ruhusa aende msalani. Kaka akangoja. Akangoja. Kumbe mama alikuwa ameshatoka kwa lango la nyuma, amepanda boda, yuko njiani kurudi ufukweni. Yawa! Mwanamke wa mguu mmoja mzima amewakimbia watu wenye miwili.

Nikampigia simu nikiwa nimewaka.

“Mama, mkwe wako kazi yake ni hii! Kila siku anafunga miguu ya watu asiowajua. Njoo Migori akuangalie.”

“Nilale wapi?”

Hapo nikakwama, maana kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Nikasema nitamtafutia chumba kwa rafiki yangu.

“Na mguu nimwonyeshe nani?”

“Yeye, mama. Yeye ndiye nesi.”

“Basi umepotea, mtoto wangu. Mimi ni maro wake.”

Maro ni mama mkwe. Asiyezaliwa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Mume wangu na mama yangu wanapendana, lakini wanapendana kwa mbali. Hawakai kiti kimoja. Hawatazamani usoni wakiongea. Yeye haingii chumba anacholala mama, na mama hawezi kufunua hata goti mbele yake. Sasa umwambie mama huyo anyanyue leso, atoe kitambaa chenye usaha, amkalishe mkwe wake karibu ainuse nyama yake inavyooza? Lakini mimi hasira zilikuwa zimenipanda, sikutaka kuelewa.

“Mama, mficha uchi hazai!”

“Mimi nimeshazaa,” akanijibu. “Nimekuzaa wewe mwenye mdomo.” Akakata simu.

Kulikuwa na dada mmoja, nesi mwenzake mume wangu, aliyeijua kazi ile. Angetufaa sana, lakini alikuwa amehamishwa mbali. Katika sehemu zetu hizi alibaki mwanamume mmoja tu mwenye ujuzi huo, na alikuwa analala kitandani kwangu. Nilimwendea nikitarajia angalau yeye, mtu aliyesoma, aseme mila hizo zimepitwa na wakati, anisaidie kumlazimisha. Akanisikiliza, akasema:

“Mama ana haki.”

Nilikuwa nimeshika mwiko, na Mungu anajua ulikotaka kwenda.

“Haki ya kukatwa mguu?”

“Haki ya kutibiwa bila kuvuliwa heshima. Mgonjwa akija na aibu yake siwezi kumwambia aiache mlangoni. Tutatumia mikono yako.”

“Mikono yangu? Mimi nauza nguo!”

“Ndiyo,” akasema. “Kwa hiyo unajua rangi, unajua kitambaa, na unajua kukunja.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia shule nikiwa mtu mzima. Kila jioni baada ya chakula mume wangu alijilaza kwenye kochi, akanipa mguu wake wenye manyoya, nami nikaufunga. Bandeji inaanza kwenye shina la vidole, inapita kisigino, inapanda kwa kuzunguka mpaka chini ya goti, na kila mzunguko unafunika nusu ya ule wa kwanza. Inakazwa kwenye kifundo na kulegezwa kadiri unavyopanda, ili maji yaliyozama mguuni yasukumwe juu. Alinieleza kwamba mguu wa mama ulikuwa hauponi kwa sababu damu inashuka vizuri lakini inashindwa kupanda, inatuama huko chini kama maji ya mvua kwenye kiwanja kibovu, na ngozi inayokaa kwenye maji yaliyotuama haiponi hata uipake dawa ya dunia nzima. Nilifunga vibaya, akafungua. Nilifunga tena, akafungua. Hakuwahi kunipigia kelele. Mimi nilimpigia kelele sana.

Akanifundisha na kutazama. Nyekundu ya nyama mbichi ni habari njema. Manjano ni uchafu wa kusafishwa. Nyeusi imekufa. Nikamwambia kwetu sokoni hakuna nyekundu moja, kuna maruni, kuna damu ya mzee, kuna nyekundu iliyofuliwa mpaka ikachoka. Akaketi kabisa. “Hivyo hivyo,” akasema, “niambie hivyo hivyo ukifika kwa mama.”

Jumapili tukapanda pikipiki yake mpaka ufukweni. Alibeba kila kitu yeye: maji ya chumvi ya hospitali, glavu, vitambaa maalumu, bandeji. Tulipofika alisalimia akiwa mbali, akachukua kigoda, akakaa uani akiupa mlango mgongo. Mlangoni paliangikwa pazia la kitenge. Mimi nikaingia ndani kwa mama.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameangalia ukuta. Nikapiga magoti, nikafungua kitambaa. Haki ya Mungu, ile harufu ilinipiga usoni, machozi yakatoka. Nilikuwa karibu kutapika juu ya mguu wa aliyenizaa. Nje nikasikia sauti ya mume wangu, taratibu kabisa:

“Pumua kwa mdomo. Usisimame. Itapungua ukishaosha.”

Mama akafumba macho. Nikajua anaona aibu hata kwangu mimi mtoto wake, na hapo moyo wangu ulivunjika. Nikaushika ule mguu kwa mikono miwili. Nikaosha, nikaosha, mpaka maji yakaanza kutoka safi.

“Sasa niambie,” akasema.

“Ni kama kiganja changu cha mkono. Katikati manjano, manjano ya shati jeupe lililokaa sana guniani. Pembeni kuna nyekundu kidogo, imefifia.”

“Nyeusi?”

“Hakuna.”

“Unaona mfupa? Unaona kitu cheupe kinachong'aa?”

Nikaangalia. Niliogopa kuangalia, lakini nikaangalia. “Hakuna.”

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu. Baadaye aliniambia kwamba tangu Migori alikuwa anaendesha pikipiki huku akiliogopa jibu hilo.

Lakini kulikuwa na jambo moja zaidi. Mguu haukazwi bandeji kabla mtu hajajua kama damu inafika vizuri kwenye wayo. Ikiwa mishipa ya kushusha damu nayo ni mibovu, ukikaza unaua mguu mwenyewe kwa mikono yako. Alikuwa amenifundisha kuitafuta mipigo ya damu juu ya wayo kwa vidole, na kwa wayo wake niliipata kila mara. Kwa wayo wa mama uliovimba sikupata kitu. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Kimya.

“Haipo,” nikasema.

“Tafuta polepole.”

“Nimesema haipo! Wewe mwenyewe una ile mashine mfukoni, na umekaa huko nje unaangalia kuku!”

Kweli alikuwa nayo, kimashine kidogo chenye ncha kama kalamu nene, kinachosikiliza damu ikipita. Lakini kukitumia kunataka mkono uliozoea. Mimi nisingeweza kujua ninachosikia, na yeye hakutaka nibahatishe kwa mguu wa mama.

Mama akafumbua macho. “Mnagombania nini?”

Nikamweleza. Nikamwambia bila kujua kama damu inafika, hakuna kufunga, na bila kufunga, mguu utarudi kwa yule daktari aliyesema ukatwe. Alitazama pazia kwa muda. Kisha akauliza, si mimi, aliuliza hewa:

“Wayo tu?”

“Wayo tu, mama,” sauti ya nje ikajibu.

“Wayo kila mtu anauona. Natembea pekupeku ufukweni.”

Akanituma nilete blanketi. Akajifunika kuanzia kiunoni, nikafunga kidonda kwa kitambaa safi, nikalizungusha blanketi mpaka kwenye kifundo. Akasogea kwenye kiti karibu na mlango, na akapitisha wayo wake chini ya pazia. Mama ndani, wayo uani. Mume wangu akatoka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka ile ncha juu ya wayo akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Kwanza mkwaruzo tu, kama redio isiyoshika stesheni. Akasogeza kidogo. Kisha tukasikia: fwu, fwu, fwu.

“Hiyo ni nini?” mama akauliza.

“Ni damu yako, mama,” nikamwambia.

“Hiyo yote?”

Akapima na mkono wa mama pia, uliopitishwa pembeni ya pazia, akalinganisha. Akarudi kwenye kigoda chake. “Mwambie mama damu inafika vizuri,” akaniambia, na sauti ilikuwa na furaha. “Funga. Kaza.” Nikafunga kama nilivyofundishwa. Mama akalalamika kwamba nimempakia kama omena kwenye gunia, lakini alikuwa ametabasamu, na mimi niliona.

Basi tukawa tunaenda. Katikati ya juma wifi yangu, mke wa kaka, ambaye nilimfundisha kama nilivyofundishwa, alibadilisha bandeji. Jumapili nilikuja mimi na macho yangu ya mitumba, na mume wangu na mgongo wake. Harufu ikapungua, ikaisha. Manjano yakaondoka. Nyekundu ikawa nyekundu ya kweli, ya leso mpya haijafuliwa. Kidonda cha ukubwa wa kiganja kikawa kama kifuniko cha chupa ya chai. Mwanamume huyu, nilikuwa nikimtazama kupitia upande wa pazia, ameketi na daftari la kichwa chake tu, anauliza, anafikiri, anabadilisha dawa ya juu, anauliza tena. Kuna watu wana ufundi wa mikono. Yeye alikuwa akiutumia ufundi wake kupitia mikono ya mtu mwingine, tena mtu mwenye hasira kama mimi. Sijui kama mtu mwingine angeweza.

Kisha Jumapili moja tukafika, na mama hayuko ndani. Wifi akatuonyesha ufukweni kwa kidole, hataki kusema. Tukashuka. Mama alikuwa amekaa mkekani katikati ya nyavu za omena, mguu ameunyoosha juani, bandeji zote ameziondoa, kidonda kinaangalia jua la mchana kweupe. Ukoko mnene ulikuwa umeshika juu yake, na pembeni ngozi ilikuwa imepasuka, nyekundu, ina joto.

Mume wangu aligeuka papo hapo, akatupa mgongo, akakaza macho kwenye mitumbwi.

“Mama! Ni nini hii? Tangu lini?”

“Tangu Jumatano,” akasema, na alikuwa anajivunia! “Umeona kilivyokauka? Nyinyi kila siku mnakitia unyevu. Kitu chenye maji kinaoza, kila mtu anajua. Nimeanika vitu maisha yangu yote. Kilichokauka hakiozi.”

Nilisema maneno siku hiyo. Mzaha mzaha hutumba usaha, nilimwambia, na usaha wenyewe ndio ule pale. Nilimwambia anataka kukatwa, anataka kutuua kwa uchovu. Watu wa ufukweni wakaacha kazi kutusikiliza. Mama akanitazama, midomo imekaza, na nikajua kadiri ninavyopiga kelele ndivyo anavyozidi kujifunga.

Ndipo mume wangu akasema, bado ametupa mgongo, anaongea na ziwa:

“Hebu muulize mama. Omena ikishakauka vizuri, akiirudisha ziwani, itaogelea?”

Mwanamke mmoja akaangua kicheko. Mama naye akashikwa na cheko bila kupenda. “Mwambie hapana. Itaogeleaje na imekufa?”

“Basi mwambie mama ni kweli anavyosema. Kilichokufa hukaushwa kisioze. Lakini ile nyama iliyokuwa inaota kwenye mguu wake ilikuwa hai, na kitu kilicho hai kinataka maji. Akiianika, itakufa kama hizo.”

Mama alitazama nyavu. Alitazama mguu wake. Aliangalia omena tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayeziona mara ya kwanza. Kisha akanigeukia mimi kwa ukali.

“Na wewe mwenye mdomo, mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo?”

Lakini madhara yalikuwa yameingia. Siku mbili baadaye homa ikampanda, mguu ukavimba mpaka goti. Mume wangu alizungumza na daktari wa hospitali yake, dawa za kumeza zikapatikana, akaziendesha mwenyewe mpaka ufukweni baada ya kazi. Aliporudi alinikalisha chini. Akaniambia nisijidanganye. Ikiwa Jumapili wekundu utakuwa umepanda kuvuka alama niliyouchorea ukingoni kwa kalamu siku ile ufukweni, atampeleka mama kwa mpasuaji yeye mwenyewe, na hatabishana na kisu. “Mama akiwa na mguu mmoja bado ni mama,” akasema. Nikaingia jikoni nikalia. Nilimjua mama yangu. Nilijua hatakubali.

Jumapili ile sikutaka kuingia ndani. Niliingia. Nilifungua. Wekundu ulikuwa umeshuka chini ya alama, kidogo tu, upana wa kidole. Nilipiga kigelegele nyumba nzima ikatetemeka, na mume wangu akaanguka kutoka kwenye kigoda huko nje kwa mshtuko akidhani mtu amekufa.

Baada ya hapo mama alikuwa mwanafunzi. Aliinua mguu juu ya mito akilala. Aliachia wasichana kazi ya kusimama, yeye akawa anaanika kwa mdomo tu, akiwa kitini na mguu uko juu ya gunia. Ole wake aliyegusa bandeji zake. Alianza hata kunifokea mimi kwamba nimelegeza kwenye kifundo. Tena alikuwa na haki, nilikuwa nimelegeza.

Na siku ikafika, ya kawaida kabisa, mvua ikinyesha nyembamba. Mume wangu alikuwa amekaa chini ya paa la uani, mgongo mlangoni. Nikafungua mzunguko wa mwisho. Nikatoa kitambaa. Nikaangalia, nikasogea dirishani penye mwanga, nikaangalia tena.

“Rangi?” akauliza.

“Waridi. Ile ya shuka ya mtoto mchanga.”

“Unyevu?”

“Hakuna. Kitambaa kimetoka kikavu.”

“Gusa. Laini au kuna mahali pamefunguka?”

Nikapitisha kidole. “Laini. Nyembamba, lakini imeshika yote.”

“Kingo?”

“Hakuna kingo,” nikasema. “Hakuna kidonda, baba watoto. Hakuna. Ni mguu tu.”

Tukangoja aulize lingine. Hakuuliza. Mvua ilikuwa inasikika kwenye mabati.

“Mbona amenyamaza?” mama akauliza.

Nikachungulia. Alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika.

“Analia, mama.”

Mama akaushika mguu wake mahali palipokuwa na kidonda, akapapasa, akapapasa. Kisha akasema, kwa sauti ya kumfikia yule wa nje ingawa maneno yalielekezwa kwangu, kama desturi inavyotaka:

“Mwambie mimi nisingewaachia wanikate. Nilikuwa nimeshamwonyesha kaka yako mahali pa kunizika. Nguo nilikuwa nimeshachagua. Nilikuwa nasubiri tu. Mwambie hivyo.”

Nilikuwa nimekaa sakafuni na bandeji mapajani. Sisi muda wote tulidhani tunapigania mguu.

“Amesikia, mama,” nikasema mwishowe.

“Basi mwambie aingie,” mama akasema, na akaivuta leso yake juu, mpaka chini ya goti. “Mwambie aje aone kazi yake. Mungu atanisamehe.”

Nikasikia kigoda kikisogea, nikasikia akisimama, na hatua zake zikaja mpaka kwenye pazia zikasimama hapo hapo.

“Mwambie mama ashushe leso,” akasema. “Mwambie nimeshauona.”